Mita Nambari Kumi na Saba

Kisvarga ni mji wa mitaa minne, kanisa moja,
korongo watatu juu ya nguzo za umeme,
na mita za maji mia mbili na sita.
Ninazisoma zote.
Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi
napiga magoti langoni kwa watu,
nafunua kifuniko cha chuma, nafuta tope kwa kidole gumba,
naandika.

Usiidharau kazi hii. Maji hayana adabu.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ya mji huu ni mimi, Piroska, binti wa msoma mita.
Najua nani amehamiwa kimyakimya na hawara.
Najua Machi iliyopita kasisi alitumia maji ya watu saba,
wala sikuuliza alikuwa akiosha nini.

Nyumba ya Dezső Halmos, Mtaa wa Mierebi,
imefungwa miaka kumi na tisa.
Alikwenda Viena, wanasema.
Wote wanasema, kama watoto waliokaririshwa sala:
kwa treni ya asubuhi, na sanduku la kahawia.
Sijapata kumsikia hata mmoja akisema sanduku jeusi.
Hata mmoja akisema: sikumbuki.

Daftari nililirithi kwa baba,
pamoja na mkoba wa ngozi na maumivu ya magoti.
Mbele ya kumi na saba, kwa mwandiko wake, miaka kumi na sita,
sifuri, sifuri, sifuri,
mviringo safi kama mayai kwenye trei.
Miaka mitatu nami nikazinakili bila kuinama.
Nani apigie magoti nyumba iliyokufa?

Jana penseli iliniponyoka.
Ikabiringika hadi kwenye kifuniko kile.
Hakikuwa na tope.
Bawaba zake zilipakwa grisi.

Mia nane sitini na nne.
Mita ilifungwa mpya mwaka ule wa treni.
Nikagawanya kwa vidole, kisha kwa penseli, kisha tena kwa vidole:
karibu mita nne za ujazo kila mwezi.
Mtu mmoja.
Mtu mmoja anayepika, anayefua soksi, anayezeeka.

Na kile kigurudumu chekundu kilikuwa kikizunguka,
polepole, kama mtu anayesuuza kikombe.

Kifuniko kikanitoka mkononi. Chuma kikalia juu ya chuma.

Kigurudumu kikasimama.

Sikuthubutu kuinua macho hadi dirishani.
Ng'ambo ya barabara Bi Etelka alikuwa ameacha kufagia.
Mwokaji alisimama mlangoni, unga hadi viwikoni.
Katika mji ambao hata mbwa husalimiwa kwa jina,
mchana kweupe,
nilipita bila salamu.

Usiku mama alipakua supu ya maharagwe.
Tangu baba afe tuko wawili mezani;
bakuli zilikuwa tatu.
Ya tatu akaifunga kwa kitambaa, akakaza fundo kwa meno.
Sikumuuliza ni ya nani.
Nilimuuliza: Mama, kitasa kiko upande gani wa mlango?

Akatazama fundo lake muda mrefu.
Kula, akasema, itapoa.
Akavaa koti la baba, akatoka, hakuwasha taa ya uani.

Funika kombe, mwanaharamu apite.
Lakini mwanaharamu ni nani hapa,
aliye ndani, au sisi mia mbili na watano
tuliokunywa maji ya bomba lilelile?

Nimelielekeza daftari kwenye balbu.
Chini ya kila sifuri ya baba kuna kivuli cha tarakimu,
zimefutwa kwa raba, moja moja.
Alisoma. Kila mwezi alipiga magoti, akasoma, akaandika ukweli,
kisha akaurudia nyumbani.

Naandika mia nane sitini na nne.
Nakandamiza hadi karatasi inachanika.
Napuliza ikauke, ingawa penseli haikauki.

Mama hajarudi.
Nje, langoni petu, kuna mtu amepiga magoti.
Nasikia chuma
kikiinuliwa juu ya chuma.